Koni imeliwa: nyonga, kisu na miezi bila baiskeli

Aliyenielewesha nyonga yangu kwanza ni fundi baiskeli, na wala hakukusudia. Nilimpelekea gurudumu la nyuma lililokuwa likikwaruza, pale kijiweni kwake Mwananyamala chini ya mwarobaini, nikamwambia aongeze grisi. Akafungua ekseli, akamwaga gololi kwenye kifuniko cha kopo, akaipangusa koni, kile kipande ambacho gololi huzungukia, kwa kitambaa, akanisogezea machoni. Njia ya gololi ilikuwa imejaa vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

"Mzee, hapa hata uniletee grisi ya ndege haisaidii. Koni imeliwa."

Wiki mbili baadaye nilikuwa nimekaa mbele ya picha yangu ya eksirei, daktari akipitisha kalamu mahali mfupa ulipogusana na mfupa. Nikacheka. Hakuelewa nacheka nini.

Tangu niwaambie wenzangu tunaoendesha pamoja Jumamosi kwamba nakwenda kupasuliwa nyonga, kila mmoja ana habari yake. Wa kwanza shangazi yake alisimama siku ya pili. Wa pili mpwa wake alikaa mwaka mzima bila kugusa pedeli. Wa tatu amenihakikishia kwamba ukishawekewa chuma, baiskeli ndiyo basi tena. Nadhani wote wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia upasuaji tofauti. Kusema "kapasuliwa nyonga" ni kama kusema gari liko gereji: hujasema kama limepasuka tairi au limeua injini.

Nyonga yenyewe iko wapi

Mtu wa Dar akisema nyonga inamuuma, mara nyingi mkono wake unakwenda kiunoni kwa nyuma, au takoni. Kiungo chenyewe hakiko huko. Kipo ndani sana, kwa mbele, nyuma ya kinena: kichwa cha mviringo cha fupa la paja kimeingia kwenye kikombe kilichochongwa kwenye fupanyonga. Kikiugua, huuma kinenani. Madaktari wanaijua ishara ya mkono: mgonjwa hukamata upande wa nyonga kwa kiganja kilichokunjwa kama herufi C, vidole vikiwa mbele kinenani na dole gumba nyuma. Maumivu ya takoni yanayoshuka nyuma ya paja hadi mguuni, mara nyingi chanzo chake ni mgongo.

Halafu kuna goti. Mshipa wa fahamu unaohudumia nyonga hutoa tawi linalofika gotini, kwa hiyo ubongo unaweza kupokea malalamiko ya nyonga ukadhani yametoka gotini. Mimi nilitibiwa goti kwa miezi 8. Nilipigwa picha ya goti, nikapewa dawa ya kuchua, nikachomwa sindano gotini mara mbili, kwenye kituo ambacho sitakitaja kwa sababu hata mimi nilikuwa nimewaambia "ni goti" kwa uhakika wote. Goti lilikuwa zima. Aliyegundua ni daktari mwingine, tena bila mashine. Alinilaza chali, akakunja goti na nyonga, kisha akausukuma unyayo kuelekea nje taratibu. Mguu ulio mzima ulikwenda vizuri tu. Ule mgonjwa uligoma njiani, na kinena kikapiga kelele. Mzunguko huo ndio ambao nyonga inayolika huupoteza mapema kuliko mingine, na mwenye nyonga hajui, kwa sababu hakuna kazi ya kila siku inayomlazimu kuupima. Labda kuvaa soksi.

Sasa turudi kwenye grisi. Mitaani na kwenye simu zetu kuna biashara kubwa ya "kurudisha ute". Inasemekana ute wa kwenye jointi umekauka, kwa hiyo kunywa unga huu, meza vidonge hivi, ute urudi. Ute upo kweli na kazi yake ni kulainisha, lakini kwa nyonga iliyosagika hasara kubwa iko kwenye gegedu, ile ngozi laini nyeupe inayofunika kichwa cha mfupa na ndani ya kikombe, kama ile unayoiona kwenye ncha ya paja la kuku. Gegedu halina mishipa ya damu, ndiyo maana likilika halijirudishi kama kidonda cha ngozi. Halina mishipa ya fahamu pia, ndiyo maana huna habari mpaka mfupa ulio chini yake unapoanza kuguswa. Mfupa una mishipa ya fahamu ya kutosha. Wanaokuuzia ute wanakuuzia grisi wakati koni imeliwa.

Kwa nini baiskeli ilinidanganya

Kwa mwaka mzima niliweza kuendesha kutoka Mwenge hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 50, halafu nikishuka nashindwa kutembea hatua thelathini kumfikia muuza mihogo. Wenzangu walidhani natania. Maelezo yake ni ya mizani. Ukitembea, kila hatua kuna wakati umesimama kwa mguu mmoja. Ili kiwiliwili kisiangukie upande usio na mguu, misuli ya pembeni mwa nyonga huvuta kwa nguvu kubwa, na mvuto huo unajumlishwa kwenye uzito wako. Kiungo hubeba karibu mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wa mwili. Mwenye kilo 80 anakanyagia nyonga yake zaidi ya kilo 200 kila hatua. Kwenye baiskeli mzigo mkubwa umekalia siti.

Ndiyo maana pia bakora hushikwa mkono wa upande mzima, si upande unaouma. Ukiisukuma ardhi kutoka upande ule, unaisaidia ile misuli isivute sana. Naona watu kila siku wakiishika upande mbaya, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kitu kimoja tu cha baiskeli kinaichukiza nyonga: pembe. Pedeli inapofika juu kabisa, goti linapanda, na kama umeinama mbele kwenye usukani wa mashindano, paja linakaribia tumbo. Hapo kichwa cha mfupa na mdomo wa kikombe hubanana. Siti iliyoshushwa sana huongeza ubaya, na krenki ndefu, ule mkono unaoshika pedeli, pia. Wapo wanaopandisha siti kidogo, wanainua usukani, wanafunga krenki fupi, na wanapata miaka kadhaa ya nafuu. Mimi nilipata mwaka mmoja na nusu, na sikuujutia.

Jambo jingine halisemwi sana kwa sisi wapenda baiskeli. Mchezo huu haujengi mifupa. Mfupa huimarika kwa kugongwagongwa na uzito, kama wa kutembea, kuruka, kubeba ndoo. Moyo wa mwendesha baiskeli unaweza kuwa wa farasi huku mifupa yake ikiwa ya kawaida tu, au chini ya hapo. Waendeshaji wa barabarani wa ngazi za juu wameshapimwa na kukutwa na mifupa myepesi ya mgongo kuliko wenzao wasioshindana. Kwa hiyo ukiendesha, tembea pia na ubebe vitu.

Ni kisu kipi?

Kwa vijana, shida inaweza kuwa umbo. Kichwa cha fupa la paja hakikukaa mviringo barabara, kina nundu, au mdomo wa kikombe umezidi. Kila pembe kali, nundu hugonga na kuchana ukingo laini unaozunguka kikombe. Hapo daktari anaweza kuingia kwa kamera kupitia matundu madogo, akachonga nundu na kushona ukingo. Ni kazi ya kulinda kiungo ambacho bado kina gegedu. Ukifanyiwa wakati gegedu limekwisha, umetengeneza fremu ya baiskeli isiyo na magurudumu.

Kwa wengine mfupa wenyewe umekufa. Kichwa cha fupa la paja kinalishwa na mishipa myembamba inayopanda kwenye shingo yake. Damu ikikatika, mfupa unakufa, na baada ya muda unabomoka kama yai lililobonyezwa. Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, yaani sikoseli, na selimundu huziba mishipa hiyo. Kijana wa miaka 20 mwenye selimundu anayelalamika kinena asiambiwe ni kukua. Pombe nyingi za miaka mingi na matumizi marefu ya dawa za steroidi huleta yaleyale. Likigundulika kabla kichwa hakijabomoka, mfupa unaweza kutobolewa ili kupunguza shinikizo ndani yake, na mgonjwa hukaa kwenye magongo kwa wiki kadhaa. Kikishabomoka, kinabadilishwa.

Kuna na kuvunjika. Bajaji imekuchomekea, umeangukia ubavu, hukuweza kusimama; mguu umekuwa mfupi kidogo na unyayo umelalia nje. Hiyo ni shingo ya fupa la paja mpaka picha iseme vinginevyo. Mtu huyo asisimamishwe "ajaribu kukanyaga", asinyooshwe na jirani anayejua kunyoosha, asichuliwe. Kwa mtu ambaye bado si mzee, madaktari hukimbilia kuufunga mfupa kwa skrubu ili kuokoa kile kichwa, na hata wakifaulu, damu inaweza kuwa ilikwishakatika siku ileile ya ajali. Floyd Landis, mwendesha baiskeli wa Marekani, alivunja shingo ya fupa la paja mazoezini mwaka 2003, akafungwa skrubu, na baadaye kichwa kikafa. Aliendesha Tour de France ya 2006 na nyonga hiyo, kisha mwaka huohuo akafanyiwa upasuaji wa kuifunika kwa chuma. Taji la mbio zile alivuliwa kwa kosa la dawa za kuongeza nguvu, na hilo ni kesi nyingine. Nyonga mbovu ilikuwa ya kweli.

Kisha kuna kubadilisha nyonga nzima, ambako mimi ninaelekea.

Kichwa kinakatwa na kutolewa. Kikombe kinachongwa na kuwekewa kikombe cha chuma chenye utando wa plastiki ngumu ndani. Ndani ya fupa la paja kunapigiliwa mhimili wa chuma, juu yake kinakaa kichwa kipya cha chuma au cha kauri. Nasema kupigiliwa kwa maana yake, kwa nyundo. Wengi hufanyiwa kwa ganzi ya mgongoni badala ya nusu kaputi, kwa hiyo unaweza kuisikia ukiwa umesinzia. Muundo huu wa kichwa kidogo cha chuma kwenye kikombe cha plastiki ulipatikana kwa John Charnley, daktari Mwingereza. Kwanza alitumia teflon, hiyo inayopakwa kwenye vikaango, ikalika vibaya sana. Mwaka 1962 akahamia kwenye polithini ngumu, na nyonga za leo ni wajukuu wa ile.

Chuma kinaweza kushikwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni saruji maalumu inayochanganywa chumbani humohumo na kukauka kwa dakika chache. Chumba kikiwa na joto hukauka haraka zaidi, kwa hiyo kiyoyozi cha chumba cha upasuaji hapa Dar kina kazi zaidi ya kumpoza daktari. Njia ya pili haina saruji. Chuma kimeachwa na uso wa vinyweleo, na mfupa wako unakua na kuingia humo kama mizizi ya mkungu ndani ya ukuta. Kazi hiyo huchukua takriban wiki 6 hadi 12, na ni moja ya sababu za kuambiwa usubiri hata kama hakuna kinachouma.

Inadumu muda gani? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 kwenye jarida la The Lancet, kwa takwimu za Australia na Finland, ulikuta nyonga bandia karibu 89 katika kila 100 bado zinafanya kazi baada ya miaka 15, 70 baada ya miaka 20, na 58 baada ya miaka 25. Hizo za miaka 25 ni nyonga za zamani. Plastiki ya siku hizi hulika polepole zaidi. Lakini mwenye miaka 35 bado anapaswa kupiga hesabu ya kurudia. Mimi nina 56, nimepiga yangu, nikaona inalipa.

Miezi inasubiri nini

Hapa ndipo stori za kijiweni zinapogongana. Watu huuliza "nitaendesha lini?" kana kwamba kuna jibu moja.

Ngozi huhitaji wiki 2 au 3. Misuli na mfuko unaozunguka kiungo, ambao daktari ameukata ili aingie, huhitaji kati ya wiki 6 na 12, na katika kipindi hicho kichwa kipya kinaweza kuchomoka ukikunja vibaya. Kama aliingilia nyuma, wengi huambiwa wasizidishe pembe ya nyuzi 90 kati ya paja na kiwiliwili, wasikunje nne, wasizungushe unyayo kwenda ndani. Aliyeingiliwa kwa mbele hupewa masharti mengine, mara nyingi machache. Kwa hiyo la kuuliza kabla ya yote ni "utaingilia wapi?", na mimi niliona aibu kuliuliza mpaka ziara ya tatu.

Pamoja na hayo yote, baiskeli ya kusimama ndani ni rafiki wa nyonga mpya. Wataalamu wengi wa fiziotherapia humpandisha mgonjwa baada ya wiki chache tu, siti juu, bila uzito, dakika tano. Kuzungusha mguu si tatizo. Kinachocheleweshwa miezi mitatu au zaidi ni barabara. Ukianguka wakati chuma hakijashikwa na mfupa, fupa la paja linaweza kupasuka kuuzunguka mhimili, na kutengeneza hilo ni kazi kubwa kuliko upasuaji wa kwanza. Wiki za mwanzo pia unakuwa kwenye dawa za kuzuia damu kuganda, kwa sababu damu iliyoganda mguuni ikipanda mapafuni inaua. Kuanguka ukiwa kwenye dawa hizo ni kuvuja damu zaidi.

Sasa weka barabara ya Bagamoyo hapo. Mchanga ukingoni, daladala inayokata kushoto bila taa, shimo ambalo jana halikuwepo. Mwenye njia yake ya baiskeli huko Uholanzi anaweza kurudi mapema kuliko mimi kwa nyonga ileile na daktari yuleyule. Nyonga haijui barabara gani inaisubiri, mwenye nyonga anajua.

Tena hatari haipo kwenye kukanyaga peke yake. Ipo kwenye kupanda: ule mguu unaorushwa juu ya keria ni pembe, ni mzunguko, na ni kusimama kwa mguu mmoja, vyote kwa mpigo. Fundi wangu amenipa ufumbuzi ambao sikuupenda. Nirudi na baiskeli ya kike, isiyo na bomba la juu, nivushe mguu kwa mbele kama navuka mfereji. "Watacheka," nikamwambia. "Wacheke," akasema, "wewe unapanda."

Nyumbani pana pembe nyingi kuliko baiskeli

Masharti ya nyuzi 90 yaliandikwa na watu wanaokaa kwenye viti. Choo cha kuchuchumaa kinayavunja kila asubuhi. Mkeka unayavunja. Kigoda cha mbuzi ya kukunia nazi kinayavunja vibaya sana, na mke wangu aliposikia hivyo aliuliza kama mimi nimewahi kukuna nazi. Anayeswali aulize mapema kuhusu kuswali kwenye kiti. Mgonjwa ana ruhusa yake. Kiti cha nyuma cha bajaji kiko chini na miguu inakunjwa, kwa hiyo siku ya kutoka hospitali tafuta gari la siti ya juu na urudishe kiti nyuma. Bodaboda usiizungumze.

Mimi nimemwita fundi ujenzi, ametuwekea choo cha kukaa na chuma cha kushikia ukutani. Bila hicho ningekuwa nalindwa na daktari mchana na kuhatarishwa na choo alfajiri. Meno nayo: nimeng'oa moja lililooza, kwa sababu wadudu wa jino bovu wanaweza kusafiri kwa damu na kuweka makazi kwenye chuma, na wakishaweka makazi pale antibayotiki pekee mara nyingi haiwatoi. Mwenye sukari aishushe kwanza kwa sababu hiyohiyo.

Tarehe nilijifanya mjanja. Niliomba mwanzo wa masika, nikijua barabara zitakuwa zimejaa maji, kwa hiyo Jumamosi zangu zingepotea hata hivyo. Mke wangu akauliza magongo yatatembeaje kwenye tope la uwani kwetu. Tumesogeza hadi Juni, upepo wa kusi ukivuma, jeraha lisichemke kwa jasho. Kwa maana hiyo nitapoteza miezi mizuri kabisa ya kuendesha. Kwa gharama, nilichojifunza ni kutenganisha mambo mawili: bima yako inaweza kukubali upasuaji ikabishana juu ya kipandikizi, kwa hiyo uliza kimoja kimoja, na upewe majibu kwa maandishi. Dar tuna bahati ya kuwa na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, kwa hiyo aliye mjini hana haja ya kukimbilia India kabla hajapanda daladala ya Muhimbili. Ukishawekewa, dai kadi yenye aina na saizi ya kipandikizi. Daktari atakayekurudia baada ya miaka 20 ataihitaji.

Jumamosi iliyopita nilimpelekea fundi baiskeli yangu aihifadhi. Alitoboa tundu dogo kwenye kipande cha boksi, akafunga kwenye usukani, akaandika jina langu na "NYONGA". Halafu akauliza kile kichwa kibovu kikitolewa kinakwenda wapi. Yeye akibadilisha koni humrudishia mteja ile ya zamani, aione, asije kusema ameibiwa. Nikamwambia nilisikia wapo wanaoomba wapewe, wakakizike. Akafikiri kidogo, akafuta mikono.

"Basi kakidai. Ukikipata, nipitishie kwanza nikione."

Nina ziara ya mwisho Alhamisi. Nimeliandika hilo kwenye karatasi ya maswali, chini ya lile la jino.